Kabla hujataja jina: namna ya kumpima kocha ajaye wa Taifa Stars

Kiti cha kocha wa Taifa Stars, timu ya taifa ya soka ya Tanzania, kikitikisika kidogo tu, majina yanaanza kumwagika kijiweni kabla TFF, shirikisho la soka nchini, haijatoa tamko lolote. Mmoja anamtaka Mfaransa aliyemwona kwenye runinga. Mwingine anasema safari hii apewe mzawa. Wa tatu anamtaka aliyewahi kuinoa klabu yake, na huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kahawa inapoa, watu wanatawanyika, na hakuna aliyemshawishi mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajibu swali lake mwenyewe.

Hapa chini kuna utaratibu wa kumpima kocha kwa hoja. Utahitaji daftari, kalamu, bando la kutosha kutazama mechi mbili nzima, na jioni moja kwa kila jina. Ukiwa na majina matatu, tenga siku tatu. Ukiharakisha utaishia kusoma vichwa vya habari tu.

Kwanza amua kazi yenyewe ni ipi

Usiandike jina lolote kwanza. Andika kilichoipeleka Stars AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mara tatu katika miaka ya karibuni:

| Kufuzu | Wapinzani | Pointi | Mabao (funga–fungwa) | Mechi bila kuruhusu bao | Makocha |
|---|---|---|---|---|---|
| AFCON 2019 | Uganda, Cape Verde, Lesotho | 8 | 6–5 | 3 | Salum Mayanga, kisha Emmanuel Amunike |
| AFCON 2023 | Algeria, Uganda, Niger | 8 | 3–4 | 3 | Kim Poulsen, kisha Adel Amrouche |
| AFCON 2025 | DR Kongo, Guinea, Ethiopia | 10 | 5–4 | 3 | Hemed Suleiman "Morocco" |

Jumla ni mechi 18: ushindi 7, sare 5, kufungwa 6. Kati ya ushindi huo 7, mara 6 Stars haikuruhusu bao hata moja. Ulio tofauti ni ule wa 2-1 dhidi ya Guinea, Septemba 2024, mechi iliyochezwa Ivory Coast. Makocha watano, wa mataifa mbalimbali, na njia ilikuwa ile ile: funga mlango, iba bao, zuia. Anayekuja kijiweni na hoja ya "soka la kuvutia" aulizwe kwanza mabao yatatoka wapi.

Sasa geuza ukurasa, utazame mechi za nyumbani peke yake. Katika kufuzu AFCON 2023 na 2025, Stars ilicheza mechi 6 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa na ikafunga mabao 2 tu, la Niger na la Guinea, yote ya ushindi wa 1-0. Algeria ilishinda pale 2-0, Uganda 1-0, DR Kongo 2-0, na Ethiopia ikaondoka na suluhu. Kwa hiyo timu hii inajua kujilinda ugenini, lakini ikipewa mpira nyumbani mbele ya watu 60,000 haijui iufanyie nini.

Hapo ndipo penye njia panda, na ubishi mwingi unaharibika kwa sababu watu hawaioni. Tanzania, Kenya na Uganda ndio wenyeji wa AFCON 2027, na mwenyeji nafasi yake anayo tayari. Kocha wa kukuvusha kwa pointi 8 katika kundi gumu ana ujuzi tofauti na wa kukushindia mechi nyumbani dhidi ya timu iliyopaki basi, yaani iliyojaza watu nyuma kujilinda. Hadi AFCON 2025, Stars ilikuwa imecheza mechi 13 za fainali, kuanzia Lagos 1980, bila kushinda hata moja. Hata kuingia 16 bora kule Moroko kulikuja kwa sare mbili za 1-1, na Uganda na Tunisia.

Amueni, basi, mnatafuta yupi. Iandikeni kwa sentensi moja juu ya ukurasa, kwa mfano: "Tunataka atakayeongeza mabao nyumbani bila kubomoa ukabaji." Ukimsikia mtu anabishana kinyume na sentensi hiyo, mrudishe kwenye ukurasa.

Hesabu siku atakazokuwa nao

Kocha wa klabu anakaa na wachezaji karibu kila siku. Wa timu ya taifa hana anasa hiyo. Tangu 2026 kalenda ya FIFA ina dirisha la Machi, la Juni na la Novemba, kila moja la siku 9 na mechi mbili, halafu dirisha refu la Septemba na Oktoba lililounganishwa, siku 16 na hadi mechi nne. Ukijumlisha ni kama siku 43 kwa mwaka, ukiacha kambi za mashindano yenyewe.

Na hizo 43 si za mazoezi zote. Chukua dirisha la kawaida. Mchezaji aliyeko Ufaransa au Uturuki anacheza Jumapili jioni. Jumatatu yuko njiani. Jumanne anatua Dar, mguu umevimba kwa ndege, anafanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Jumatano ni mazoezi kamili ya kwanza. Alhamisi ni ya mwisho, nayo huwa mafupi kwa sababu kesho yake kuna mechi. Baada ya mechi waliocheza wanapumzishwa siku moja, kisha safari ya ugenini, kisha mazoezi ya kuzoea uwanja. Ukitoa kila kitu, kocha amepata vipindi vitatu au vinne vya kufundisha kitu kwa kikosi kizima.

Hoja ya "huyu anajua kujenga timu" inahitaji kuchujwa hapa. Ukabaji wa juu wa watu wote kumi, unaotaka kila mmoja ajue aende wapi sekunde ile ile, huchukua wiki nyingi kuufundisha. Ukiulazimisha kwa siku tatu, mstari wa mbele unapanda, mabeki wanabaki nyuma, na katikati unafunguka uwanja wa mita arobaini. Timu kama Algeria au Nigeria hazihitaji zaidi ya hapo.

Cha kutafuta kwenye rekodi yake ni mechi tano za kwanza za kila kazi aliyowahi kupewa. Timu yake ilibadilika haraka au ilichukua nusu msimu? Emerse Faé aliichukua Ivory Coast katikati ya AFCON 2023, baada ya timu kufungwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwake, na akaondoka na kombe. Hakubuni mfumo mpya. Alipanga upya watu waliokuwepo na kuwapa kazi chache zinazoeleweka.

Jihadhari pia na takwimu za CHAN, yale mashindano mengine ya mataifa ya Afrika. Kule wanacheza wa ligi ya ndani tu, na kambi huwa ndefu. Agosti 2025 Stars iliongoza kundi lake la CHAN kwa pointi 10 kabla ya kutolewa na Moroko 1-0 robo fainali. Ni matokeo mazuri, lakini ukiyachanganya na ya kufuzu AFCON utapata wastani unaodanganya. Fungua safu mbili.

Mzawa au mgeni: swali lipi hasa?

Huu ndio ubishi unaokula muda mwingi, kwa hiyo umalizeni mapema. Mabingwa wa AFCON kuanzia 2012 hadi 2023 walifundishwa hivi: Hervé Renard na Zambia (2012), Stephen Keshi na Nigeria (2013), Renard tena na Ivory Coast (2015), Hugo Broos na Cameroon (2017), Djamel Belmadi na Algeria (2019), Aliou Cissé na Senegali (2021), Faé na Ivory Coast (2023). Wageni mara tatu, wazawa mara nne. Hapo hakuna mshindi wa ubishi.

Lakini watazame hao wazawa kwa karibu. Belmadi na Faé walizaliwa Ufaransa, Cissé alihamia huko akiwa mtoto, na Keshi alicheza miaka mingi Ubelgiji. Ni wazawa kwa damu na pasipoti, ila ufundi wao waliupata kwenye vyumba vya kuvalia vya Ulaya. Anayesema "Senegali walimwamini mzawa" anasema kweli, lakini hajamaliza habari.

Upande wa pili, Burundi ilifuzu AFCON 2019 kwa mara ya kwanza katika historia yake chini ya Olivier Niyungeko, mtu wa nyumbani. Na Hemed Suleiman ndiye pekee kati ya watano wa jedwali letu aliyeanza kampeni ya kufuzu na kuimaliza mwenyewe, na ndiye mwenye pointi nyingi zaidi. Hilo la Hemed lina uzito kuliko ule ambao watu wanalipa.

Badala ya "mzawa au mgeni", uliza maswali haya matatu. Anawajua wachezaji wangapi wa Ligi Kuu bila kuoneshwa video? Amewahi kusafirisha timu ugenini Afrika, akakutana na uwanja mkavu, joto la saa tisa alasiri na ndege iliyochelewa? Anaweza kuzungumza na mchezaji wake bila mkalimani wakati wa mapumziko, dakika 15 zile ambazo tano zinaishia kwenye maji na bandeji?

Mgeni anaweza kujibu ndiyo mara tatu. Milutin Sredojević, "Micho", aliwahi kuinoa Yanga kabla ya kuipeleka Uganda AFCON 2017, mara yao ya kwanza tangu 1978. Sébastien Desabre naye alipita Uganda kabla ya kuifikisha DR Kongo nusu fainali ya AFCON 2023. Ukanda huu walikuwa wameshauonja.

Kuusoma wasifu bila kudanganywa

Wasifu wa kocha huandikwa na wakala wake, kwa hiyo uandike upya. Kwa kila kazi weka tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, idadi ya mechi, na jina la aliyemtangulia na aliyemfuata. Kisha tafuta pointi kwa mechi: ushindi mara tatu, jumlisha sare, gawanya kwa mechi zote.

Mfano wa kubuni. Kocha wa kwanza ana mechi 20, ushindi 7, sare 7, kufungwa 6. Ni pointi 28, yaani 1.4 kwa mechi. Si haba. Lakini ukikuta aliyemtangulia alikuwa na 1.35 na aliyemfuata 1.45, basi timu ilijiendesha yenyewe. Kocha wa pili ana 1.1 tu, ila aliikuta timu ikiwa na 0.6. Huyo wa pili ndiye aliyefanya kazi. Chini ya mechi kumi usihesabu kabisa. Bahati ina nguvu mno hapo.

Mtego mkubwa wa kwetu ni Simba na Yanga. Karibu kila kocha anayekaa kwenye mojawapo ya viti hivyo anaonekana mfalme kwenye ligi, kwa sababu timu yake ni kubwa kuliko wapinzani wengi. Taifa Stars iko upande wa pili wa mizani: mara nyingi yenyewe ndiyo ndogo. Kwa hiyo futa mechi zote za ligi, ubaki na za Ligi ya Mabingwa au Kombe la Shirikisho Afrika, hasa za ugenini kuanzia hatua ya makundi. Yanga ya Miguel Gamondi ilitoka suluhu nyumbani na ugenini na Mamelodi Sundowns robo fainali ya 2024, kabla ya kutolewa kwa penalti. Dakika 180 kama zile zinakuambia mengi kuliko mabao matano dhidi ya timu inayoshuka daraja.

Leseni ya ukocha iangalie haraka: CAF A, ya shirikisho la soka Afrika, ni ya kuanzia; CAF Pro au UEFA Pro, ile ya Ulaya, ni bora. Kisha hesabu kazi alizodumu nazo chini ya miezi minane. Moja si kitu, soka ndivyo lilivyo. Tatu mfululizo zina maelezo, na maelezo hayo yatafute kwenye magazeti ya nchi aliyotoka, wakala hatakupa.

Tazama mechi mbili, na uzichague vizuri

Dondoo za mabao hazifai. Humo kila kocha ni mshambuliaji. Tafuta mechi mbili nzima: moja ambayo timu yake ilikuwa dhaifu na ilicheza ugenini, nyingine ambayo ilikuwa na nguvu na mpinzani akakaa nyuma. Hizo mbili zinafanana na Stars ya ugenini na Stars ya Mkapa.

Kwenye mechi ya kwanza, chora safu nne daftarini. Ya kwanza ni mpira unapopotea kwenye nusu ya mpinzani. Hesabu polepole moja hadi sita. Kama ndani ya hesabu hiyo kuna mtu amembana mwenye mpira, piga mstari upande wa kulia. Kama wote wanarudi nyuma kujipanga, piga kushoto. Njia zote mbili ni halali. Ubaya ni mistari inayolingana pande zote mbili, kwa sababu hiyo ni timu ambayo nusu inakaba na nusu inarudi, na hapo hakuna aliyefundisha.

Safu ya pili ni kona na faulo za pembeni. Simamisha picha mpira unapopigwa. Nani yuko nguzo ya karibu? Kuna mtu ameachwa ukingoni mwa boksi kwa mpira wa pili? Kwa timu inayofunga mabao 3 katika mechi 6 za kufuzu, mpira uliokufa si kitu cha pembeni. Unafundishika kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini, na unafaa kabisa kwa kocha mwenye siku tatu. Ukikuta timu yake inarudia kona ya namna moja mara tatu kwa makusudi, ukimwona mmoja anamzuia beki ili mwenzake aruke peke yake, mwandikie alama nzuri.

Safu ya tatu ni dakika kumi baada ya timu yake kufunga. Mstari wa mabeki ulishuka mita ngapi? Ukishuka hadi kwenye boksi lao, jua utateseka naye. Ya nne ni mabadiliko: dakika gani, nani kwa nani, na kilichobadilika ni mtu tu au umbo la timu pia.

Mechi ya pili ina swali moja kubwa, lile la Mkapa. Hesabu watu waliomo ndani ya boksi krosi inapopigwa. Wakiwa wawili, krosi hizo ni za kujifurahisha. Wakiwa wanne na mmoja ukingoni, kuna mpango. Angalia pia winga anakata ndani au anakimbilia kibendera, na beki wa pembeni anapanda lini: kabla winga hajapata mpira, au baada ya nafasi kuzibwa? Kuchelewa huko kwa sekunde mbili ndiko kunakoifanya timu iwe na asilimia 65 ya mpira na mashuti mawili golini.

Mambo ya mezani ambayo kijiwe huyasahau

Mkataba. Kenya ilimfukuza Adel Amrouche mwaka 2014, na kesi ilipomalizika FKF, shirikisho la soka la huko, ikajikuta na deni la zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Kwa hiyo jina likitajwa, uliza: mkataba wa muda gani, malengo gani yameandikwa kwa tarakimu, na ukivunjwa analipwa miezi mingapi? Mkataba wa miaka miwili wenye kipengele cha kuvunjwa kwa fidia ya miezi mitatu ni salama kwa pande zote. Wa miaka minne bila malengo ni mkopo. Uliza pia nani analipa. Marcio Maximo alipoletwa 2006 mshahara wake ulibebwa na serikali, na ilisaidia. Lakini mfuko ukibadili mwenyewe, kocha naye hutetereka.

Mdomo wake. Huyo huyo Amrouche aliipeleka Stars AFCON 2023, kisha akafungiwa mechi 8 na CAF kwa aliyoyasema kuhusu Moroko, na timu ikamaliza mashindano chini ya Hemed Suleiman akisaidiwa na Juma Mgunda. Soma mahojiano matano ya mgombea wako ya baada ya kufungwa. Akimlaumu mwamuzi katika manne, jiandae.

Benchi la ufundi. Kocha mkuu asiye na mchambuzi wa video na kocha wa makipa anaowaamini anafanya kazi kwa jicho moja. Ila akija na watu sita wa kwao, hakuna Mtanzania atakayebaki na ujuzi siku atakapoondoka. Kiasi kizuri ni wasaidizi wawili wa kwake na wawili wa hapa, mmoja wao awe na sauti ya kweli kwenye uteuzi. Na kama bado ana klabu, kama Etienne Ndayiragije alivyopokea Stars kwa muda akiwa Azam mwaka 2019, ulizeni mapema ataachana nayo lini.

Wachezaji wa ughaibuni. Kila mgombea ataahidi kuwaita vijana wenye asili ya Tanzania waliokulia Ulaya. FIFA inataka mchezaji awe raia wa nchi anayoichezea, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya wanaruhusu tangu katiba ya 2010, ndiyo maana jambo hili kwao ni jepesi zaidi. Ukisikia orodha ya majina kumi ya ughaibuni, uliza wangapi wana pasipoti ya Tanzania leo. Kwa kawaida orodha inapungua kabla chai haijaletwa.

Simba na Yanga mezani

Msijidanganye kwamba utani wa jadi utakaa nje. Dawa yake ni kuutoa hadharani. Kabla ya kuanza, kila mmoja ataje klabu yake na amtaje kocha mmoja aliyewahi kuwa kwa mtani ambaye angemkubali Stars. Asiyeweza kumtaja hata mmoja asikilizwe, lakini alama zake zisihesabiwe.

Kwa kocha mwenyewe, kipimo ni kama ana ubavu wa kuwakera vigogo. Mwaka 2018 Amunike aliwaengua wachezaji sita wa Simba kwa mpigo kwa kuchelewa kuripoti kambini. Mitaa ilichafuka. Machi 2019 Stars ikaichapa Uganda 3-0 Mkapa na kufuzu baada ya miaka 39. Haimaanishi kuengua watu ndiko kulikoleta ushindi, na kule Misri, kwenye fainali zenyewe, alifungwa mechi zote tatu na kibarua kikaota nyasi. Ila kambi iliyojua kwamba saa ya kuripoti ni saa ya kuripoti ilikuwa rahisi kuiongoza.

Karatasi ya alama

Gawanyeni alama 100 kabla ya kutaja majina, kisha kila mtu ajaze peke yake bila kuchungulia. Mgawanyo unaoifaa Stars ya sasa ni huu: kujilinda dhidi ya timu kubwa 25, kufungua timu iliyokaa nyuma 25, kasi ya kubadili timu ndani ya mechi tano 20, kuijua Afrika na ligi yetu 15, benchi na mkataba 15. Kama sentensi yenu ya juu ya ukurasa ni tofauti, badilini uzito, ila msibadili baada ya kuanza kujaza. Huo ndio wizi wa kawaida kuliko wote: mtu anaona kipenzi chake anashindwa, ghafla anadai "uzoefu wa Ulaya" uongezewe alama 20.

Mkikusanya, msitafute wastani kwanza. Tafuteni mahali ambapo mmoja ametoa 22 na mwingine 8 kwa kocha yule yule. Hapo ndipo penye ubishi wenye maana, kwa sababu lazima mmoja wenu ameona mechi ambayo mwingine hajaiona. Fungueni simu, itazameni dakika ishirini, kisha kila mmoja apewe ruhusa ya kurekebisha alama mara moja.

Jina likishatangazwa

Usiitupe karatasi. Siku ya kikosi cha kwanza isome kama barua. Hesabu mabeki wa kushoto wa asili. Akiwa mmoja tu, mpango wa pembeni ni wa upande mmoja. Hesabu viungo wakabaji: wanne katika kikosi cha 23 ni mtu anayewaza ugenini, wawili ni mtu anayewaza Mkapa. Angalia wangapi wametoka nje ya Simba, Yanga na Azam, na kama wapo, walicheza dakika ngapi mwezi uliopita au ni wa kujazia orodha. Tazama kama kipa wa tatu ni kijana au mzee wa heshima. Kisha subiri madirisha mawili, yaani mechi nne au zaidi, ndipo ujaze safu ya pili pembeni ya ile ya kwanza, kwa kalamu ya rangi nyingine.